Chuma Kifuani: Nguvu Hujengwa Vipi Bila ya Kuvunja Bega

Baada ya swala ya Alasiri, katika mitaa mingi ya miji yetu, husikika mlio wa chuma. Chini ya mwembe, au nyuma ya ukuta wa nyumba ambayo haijamalizika, vijana wamejijengea mahali pa mazoezi kwa vitu walivyo navyo: benchi la mbao lililopigiliwa misumari na fundi wa jirani, kipande cha bomba la maji, na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege yakaachwa yagandie katika ncha za bomba hilo. Hapo hulala mmoja baada ya mwingine, wakakishusha chuma hadi kifuani na kukisukuma juu. Wenyewe huliita zoezi hilo benchi tu, au benchi presi, na ndilo wanalopimania ukubwa: wewe unasukuma kilo ngapi?

Wazazi kadhaa wametuuliza kama mahali pa namna hiyo pana haki ya kupigwa marufuku. Jibu letu ni la, ila kwa masharti. Kijana anayeimaliza jioni yake katika jasho la mazoezi, kisha akarudi nyumbani akala na kulala mapema, amewapunguzia wazazi wake mashaka mengi. Walakini benchi lina jambo ambalo mazoezi mengine mengi hayana. Anayekimbia akichoka husimama. Anayejivuta juu ya tawi akichoka huachia na kutua kwa miguu yake. Anayelala chini ya chuma akichoka, chuma hicho kinamrudia yeye, na njia yake ya kurudi ni kifua au shingo. Watu wamekufa kwa zoezi hili, hata katika nchi zenye vifaa bora kuliko vyetu, na aghalabu waliokufa walikuwa peke yao chumbani.

Tena vyuma vyetu vya mtaani vina hatari yao ya ziada, ambayo wengi hawaifikirii. Katika jimu za kulipia, visahani vya uzito huvishwa kwenye chuma na vinaweza kuchomoka. Mtu aliyeshindwa kukiinua chuma, kama hakuvifunga visahani kwa vibano, hukiinamisha upande mmoja. Uzito ukadondoka sakafuni naye akaokoka. Makopo ya zege hayachomoki. Yameganda na bomba yakawa kitu kimoja. Kwa hiyo kijana anayejifungia uani na chuma cha zege hana hata ile hila ya mwisho aliyo nayo mwenziwe wa mjini.

Ndiyo maana sharti la kwanza halina mjadala: asilale mtu chini ya chuma bila ya mwenziwe kusimama upande wa kichwa chake. Huyo msaidizi ana kazi, hakuja kutazama. Waafikiane kabla ya kuanza ni mara ngapi chuma kitasukumwa. Akisaidie chuma kutoka kwenye nguzo zake, akiachie taratibu, kisha mikono yake ifuate chuma kwa karibu bila ya kukigusa. Kikisimama njiani au kikaanza kurudi chini, akishike mara moja bila ya kusubiri kuitwa, kwani aliyebanwa pumzi hana sauti ya kuita. Msaidizi mwenye simu mkononi si msaidizi.

Sharti la pili ni kidole gumba. Vijana wengi hukiweka gumba upande mmoja na vidole vingine, wakidai kuwa mkono unapumzika zaidi. Chuma kilichokaa hivyo kimelazwa juu ya kiganja, hakikushikwa. Jasho kidogo tu, nacho huteleza. Gumba lizunguke chuma, lifunge ngumi. Hapo mwenye kuteleza atabaki na cha kushikilia.

Na ikiwa mtu amekaidi, akawa peke yake, na chuma kikamlalia? Asipigane nacho kifuani mpaka kikahamia shingoni. Akikaze kiganja, akiviringishe kuelekea tumboni, akivushe tumbo mpaka mapajani, kisha ainuke na kuketi. Huumiza sana na huacha michubuko, lakini shingo imesalimika.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Wengi hudhani kuwa kusukuma benchi ni kazi ya mikono tu, ilhali nguvu huanzia chini ya mikono, kwenye mgongo na miguu. Lala macho yako yakiwa chini ya chuma. Kabla ya kukigusa, yavute nyuma makombe ya mabega, yaani ile mifupa miwili iliyo bapa mgongoni, mpaka yakaribiane, kisha yashushe kuelekea kiunoni, kama mtu anayetaka kuyatia katika mifuko ya nyuma ya suruali yake. Kifua kitapanda chenyewe, na chini ya kiuno patakuwa na nafasi ndogo ya kupitisha kiganja. Hali hiyo haina dosari. Makalio yabaki kwenye benchi, na nyayo zote mbili zikae ardhini, zimekanyaga kwa nguvu. Anayeinua miguu hewani ili aonekane hodari ameupoteza msingi, naye hutikisika kama meza yenye mguu mfupi.

Upana wa mikono nao una kipimo chake. Chuma kikiwa kifuani, sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja inapaswa kusimama wima, ikitazamwa mbele na ikitazamwa ubavuni. Viwiko vikiwa ndani ya viganja, umeshika kwa upana mno. Vikiwa nje yake, umeshika kwa wembamba mno. Chuma kikae chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, wala kisikae karibu na vidole kikakipinda kifundo nyuma. Kifundo kilichopinda kwa miezi mingi ndicho kinachowafanya vijana walalamike hata wakibeba ndoo ya maji.

Vuta pumzi ndefu, ishikilie, ndipo ushushe. Hapa ndipo penye kosa linaloharibu mabega mengi kuliko yote. Kijana huvitanua viwiko vyake vikawa sambamba na mabega, kama mtu aliyenyoosha mikono kuzuia gari njiani, kisha akakishusha chuma kuelekea shingoni. Katika hali hiyo, mishipa inayolishikilia fundo la bega hubanwa kati ya mifupa, na ikibanwa hivyo kila wiki, hukwaruzika na kuvimba. Viwiko visogee kidogo kuelekea mbavuni, mkono wa juu ukifanya na ubavu pembe ya nyuzi 45 au zaidi kidogo, na chuma kiguse sehemu ya chini ya kifua, usawa wa chuchu au chini yake kidogo. Wakati wa kupanda, chuma kisipande wima. Kisukumwe juu na nyuma kidogo, kuelekea usoni, mpaka kisimame juu ya mabega, ambako mifupa yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Njia yake imelala kama mlingoti wa ngalawa uliopigwa na upepo. Anayelifahamu jambo hili moja huweza kuongeza kilo kadhaa siku hiyo hiyo, kwa kuwa sasa nguvu zake zinasukuma upande unaofaa.

Katika mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito kwa nguvu, mshindani hulazimika kukituliza chuma kifuani mpaka mwamuzi aamuru, ndipo asukume. Tunawashauri vijana waichukue kanuni hiyo hata uani. Kitulie kifuani kadiri ya kutamka neno moja. Kilo zinazodundishwa juu ya mbavu kama mpira si kilo za mtu. Ni za mbavu, na mbavu huchoka.

Kabla ya kuzungumzia namna ya kuongeza nguvu, makopo yapimwe. Makopo mawili ya ukubwa mmoja huweza kutofautiana kwa kilo nzima na zaidi, kwa sababu moja limepata kokoto nyingi na jingine mchanga. Mwenye kusukuma uzito usiolingana husokota mgongo bila ya kujua. Si kazi kubwa: ombeni mizani ya muuza mkaa au ya duka la nafaka, pimeni chuma kizima, kisha kila upande mmoja mmoja, na muandike hesabu kwa rangi juu ya kopo. Upande ulio mwepesi ufungiwe kitu mpaka ulingane. Na mjue kuwa chuma rasmi cha jimu, kabla ya kuvishwa kitu chochote, kina kilo 20, nacho huhesabiwa katika jumla. Bomba la maji halifiki huko, kwa hiyo anayejisifu kwa makopo asishangae akikutana na chuma cha kweli.

Nguvu yenyewe hujengwa kwa hesabu ndogo ndogo. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa anayeanza. Wanaofunga Jumatatu na Alhamisi wachague Jumanne na Ijumaa jioni. Aanze kwa bomba tupu, mara 10, ili viungo vipate joto. Kisha nusu ya uzito wake. Kisha uzito wenyewe kwa seti 3, kila seti mara 5, akipumzika kwa dakika 3 kati ya seti na seti. Uzito wa kuanzia uwe ule anaoweza kuusukuma mara 8 bila ya kuteteleka. Akimaliza zote 15 kwa usafi, siku ijayo aongeze kilo 1. Wenye chuma cha zege watauliza, kilo moja itapatikana wapi? Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo. Moja kila upande, zimefungwa barabara kwa mpira wa baiskeli, ni kilo moja. Kijana aliyeanza na kilo 40 akaongeza kilo 1 kila siku ya zoezi, atazifikia kilo 60 baada ya wiki 10, na hakuna hata siku moja ambayo atakuwa ameona tofauti ya ghafla. Bila shaka mwendo huo hauendi milele. Akishindwa kumaliza mara mbili mfululizo, apunguze sehemu moja ya kumi ya uzito na aanze kupanda upya. Mara nyingi atakapofika pale alipokwama, atapita.

Jambo hili la subira vijana hulisikia kwa masikio ya kupita, basi na tuwape mfano. Katika Michezo ya Paralimpiki, mashindano ya kunyanyua uzito ni zoezi hili moja tu, benchi, kwa kuwa washindani wana ulemavu wa miguu. Siamand Rahman wa Iran, aliyepata ulemavu kwa maradhi ya polio, alishinda nishani ya dhahabu London mwaka 2012 kwa kilo 280. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, alishinda tena kwa kilo 310, akawa Mparalimpiki wa kwanza kuvuka kilo 300. Alifariki dunia Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 31, Allah amrehemu. Tazameni hesabu hiyo: mtu huyo, ambaye kazi yake ilikuwa ni hii, kutoka ushindi wake wa kwanza hadi wa pili alipandisha kilo 30 kwa miaka 4. Kijana wetu anazitaka kilo 30 kabla ya harusi ya dada yake.

Hapo ndipo sindano huingia. Hatuna raha kuliandika jambo hili katika kurasa za familia, lakini kulinyamazia ni vibaya zaidi. Katika baadhi ya sehemu za mazoezi kuna watu wanaouza dawa za homoni, za kudunga au za vidonge, na huwaahidi vijana kifua kipana kwa miezi miwili. Dawa hizo ni homoni ya kiume, au kitu kilichotengenezwa kufanana nayo. Mwili ukiipata kutoka nje, huacha kuitengeneza wenyewe. Mapumbu husinyaa na mbegu za uzazi hupungua, pengine zikakosekana kabisa. Kuna wanaume ambao wamezunguka na wake zao hospitali kwa hospitali wakitafuta mtoto, mke akipimwa kila kipimo na akinyooshewa vidole na mawifi, ilhali sababu ilikuwa katika sindano ambayo mume hakuitaja. Zaidi ya hayo, dawa hizo hupandisha shinikizo la damu, huharibu mafuta ya damu na huunenepesha moyo. Aliyekwisha kuzitumia asione haya kumwambia daktari, na kabla ya hapo amwambie mkewe. Kwa wengi uzazi hurejea baada ya kuziacha, ingawa huchukua miezi mingi.

Anayetaka kukua kwa haraka zaidi atapata faida kubwa kwa usingizi wa kutosha, na kwa sahani yenye maharage, mayai, dagaa au samaki kila siku. Hayo hayana muuzaji wa siri.

Tunarudi kwenye bega, kwani ndilo linalowatoa vijana katika zoezi hili kabla ya wakati. Kwa kila seti ya kusukuma, iwepo seti ya kuvuta: kujivuta juu ya tawi au chuma kilichopachikwa ukutani, au kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuivuta ndoo yenye mchanga kuelekea kiunoni. Asukumaye bila ya kuvuta huanza kutembea mabega yakiwa yamejikunja mbele, na watu wakadhani ni maringo. Maumivu ya misuli ya kesho yake, yaliyoenea kifuani, ni ya kawaida na huondoka yenyewe. Maumivu makali ya mahali pamoja, mbele ya bega, yanayokuja chuma kikiwa chini, ni onyo. Aache benchi kwa muda, na ajaribu kusukuma akiwa amelala sakafuni juu ya mkeka. Viwiko vikigusa sakafu, chuma husimama hapo, na bega halivutwi likapita mpaka wake. Usidhani kuwa hilo ni zoezi la wadhaifu. George Hackenschmidt, mpiganaji mieleka aliyezaliwa katika mji ambao leo huitwa Tartu nchini Estonia, alisukuma zaidi ya kilo 160 kwa namna hiyo mwishoni mwa karne ya 19, kabla benchi halijawa kifaa cha kawaida. Huko sakafuni pia msaidizi awepo.

Baadhi ya wazazi huogopa kuwa kunyanyua vyuma humdumaza mtoto. Madaktari wa michezo hawalioni hilo kwa kijana anayefundishwa na kusimamiwa. Kinachomdhuru ni ajali na uzito uliozidi umri wake. Kwa aliye chini ya miaka 15 tungependekeza azoee kwanza kupiga pushapu, na akilala benchini, bomba tupu linamtosha. Watu wazima wenye shinikizo la damu nao wasijiingize katika uzito mkubwa wa kubana pumzi kabla ya kuonana na daktari.

Na mabinti? Swali hili hutujia mara chache kuliko linavyostahili. Kusukuma uzito huimarisha mifupa na misuli ambayo mwanamke ataihitaji uzeeni, wala kifua cha mwanamke hakigeuki kuwa cha mwanamume kwa sababu ya benchi. Fatma Omar wa Misri alishinda dhahabu ya Paralimpiki katika zoezi hili mara nne mfululizo, kuanzia Sydney mwaka 2000 hadi London mwaka 2012. Hapa jirani, Hellen Wawira Kariuki wa Kenya aliiletea nchi yake nishani ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022. Mama na binti zake wanaweza kuwa na chuma chao chepesi ndani ya ua, na wakasaidiana wao kwa wao. Masharti ni yale yale, la gumba na la msaidizi.

Limebaki la Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka vijana hutuuliza. Mwezi huo si wakati wa kuongeza kilo. Azma iwe kuhifadhi kilichopatikana: siku mbili kwa wiki, seti 2 badala ya 3, kwa uzito pungufu kidogo ya ule wa Shaabani. Wakati mzuri ni baada ya tarawehe, mtu akiwa amekwisha kula na kunywa maji ya kutosha. Wapo wanaopenda nusu saa kabla ya futari ili watoke moja kwa moja kwenye tende. Hao wafanye kwa bomba jepesi, kwani mwili uliokauka maji hupata kizunguzungu upesi, na kizunguzungu chini ya chuma ni jambo jingine kabisa. Baada ya Idi, wiki ya kwanza ianze kwa kilo zile zile za Ramadhani, na zile chupa za nusu lita zirudi bombani wiki inayofuata.